Kuinyamazisha Wodi Kabla ya Daktari wa Mombasa

Jumatatu, 6 Machi 1978

Joto la Voi leo lingeweza kukaanga yai juu ya bati. Lakini moyo wangu baridi kabisa! Mzee Alexander, msimamizi wa wodi yetu ya wagonjwa wa akili, anastaafu. Metroni ametuambia kwamba daktari mkuu wa magonjwa ya akili atakuja kutoka Mombasa Jumatatu ijayo, aikague wodi, kisha aseme nani achukue nafasi.

Tuko wawili tu. Mimi, Donald, muuguzi wa miaka mingi, mtu wa viatu vilivyong'aa. Na Mwanaesha. Huyu amezaliwa hapa Voi mjini, nyuma ya msikiti, na anaongea Kiswahili kama amemeza kamusi. Wagonjwa wanampenda. Mimi wananiita "yule wa sindano". Sijali. Msimamizi hahitaji kupendwa.

Shida ni kelele. Daktari mkuu akiingia akute soko, nimekwisha. Kuna Maundu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, anayetangaza treni kutwa nzima, zilizopo na zisizokuwepo. Na kuna Wakio wa Mraru, kijiji cha milimani. Aliletwa kwetu akipiga mayowe kwamba redio ya dukani inamtaja jina. Sasa redio imenyamaza, lakini yeye anaimba nyimbo za kanisa akifua nguo. Sauti nzuri, sikatai. Lakini ni kelele.

Mwanaesha anasema Wakio amepona vya kutosha, aende nyumbani Jumamosi. Mvua inakaribia na ana shamba la kupanda. Ana pia mtoto mdogo anayelala kwa bibi yake. Wakio mwenyewe anauliza kila asubuhi kama leo ndiyo Jumamosi.

Jumanne, 7 Machi

Nimewafundisha wafanyakazi kuhusu ubongo. Nilichora ubongo ubaoni. Mpishi akasema ni kabichi. Nikaendelea.

Haya niliyatoa kwenye semina ya Mombasa mwaka jana. Ubongo una seli. Kati ya seli na seli kuna mwanya mdogo sana. Ujumbe ukifika ukingoni, seli humwaga kemikali, nayo huvuka mwanya na kugonga mlango wa seli ya pili. Kemikali mojawapo inaitwa dopamini. Ikifanya kazi kupita kiasi, mtu anasikia redio ikimtaja. Dawa yetu ya kutuliza inaziba ile milango. Mlango ukizibwa, kelele kwisha. Ni rahisi kama kufunga duka.

Wote waliitikia kwa heshima. Kisha Mwanaesha akanyoosha mkono, akasema kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia shingo, ulimi na miguu viende sawa, kwa hivyo ukiziba kupita kiasi mwili unakaza. Ndiyo maana tunawapa na kile kidonge kidogo cheupe. Akasema hayo yalisemwa katika nusu ya pili ya semina ile ile, na akanikumbusha mbele ya watu wote kwamba nusu ya pili mimi nilikuwa nje kwenye soda na maandazi.

Fitina! Soda ilikuwa moja tu.

Jumatano, 8 Machi

Bahati imeniangukia. Mwanaesha ameenda arusi ya binamu yake Mombasa. Atarudi Jumamosi. Mzee Alexander anafunga mizigo yake na hana habari na dunia. Wodi iko mikononi mwangu.

Nimekaa nikafikiri kisayansi. Ikiwa sindano moja inaziba baadhi ya milango, mbili zitaziba zaidi. Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza. Halafu kile kidonge cheupe. Wagonjwa wanakililia. Juzi Maundu alipewa akacheza dansi na fagio. Bila shaka kidonge kinafungua milango ninayofunga mimi! Mwanaesha anajenga mchana, anabomoa jioni, na hajui.

Nimevifungia vidonge vyote vyeupe kwenye droo ya meza yangu. Akiuliza mtu, vimekwisha. Maundu na Wakio wameongezwa sindano. Wakio aliuliza kwa nini, na yeye anaenda nyumbani. Nikamwambia ni ya safari. Akanyoosha mkono mwenyewe, akashukuru.

Alhamisi, 9 Machi

Kimya! Kimya kitamu! Treni ya kweli imepita saa nne ikipiga honi, na Maundu hakusema neno. Amekaa kitandani akitazama ukuta, mate yanamtoka kidogo. Nimempa kitambaa.

Nimepaka chokaa mawe yote kutoka lango hadi mlango wa wodi. Mgeni mkubwa bila mawe meupe si mgeni. Land Rover ya hospitali imeoshwa pia. Wiki hii ufunguo unakaa kwangu, na nimepiga marufuku mtu yeyote kuigusa hadi Jumatatu.

Wakio hakufua leo. Alisema ulimi wake ni mzito na taya zinamuuma. Nilimweleza kwamba ni milango inafungwa. Aliniuliza milango gani. Nilikosa muda wa kumchorea, nikamwongeza sindano nyingine ili mambo yamalizike haraka.

Ijumaa, 10 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi nilimkuta Wakio shingo imevutwa nyuma kabisa, macho yametazama dari na hayashuki. Taya zimekaza. Ulimi umejitokeza pembeni. Nilidhani anajifanya. Nikamwambia aache mchezo. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi masikioni, kwa sababu hakuweza kuinamisha kichwa. Alinisikia kila neno. Alinishika mkono wa koti na hakuuachia.

Kama angekuwa Mwanaesha, angekimbilia droo kutoa kidonge cheupe. Lakini hiyo ni kukubali kwamba kabichi yangu ilikuwa na kasoro. Nilisema ningoje, huenda ikaachia yenyewe.

Haikuachia. Aliyefika ni Mable, mama yake, siku moja kabla, na kikapu cha ndizi na viazi vitamu, na gauni jipya la Wakio la kuvaa njiani. Akamwona mtoto wake. Kikapu kikaanguka. Akaniuliza, daktari, mmemfanya nini mwanangu?

Akili yangu ilikimbia huku na huku. Kisha nikapata njia! Nikavaa uso wa huruma, nikamwambia mama, hii si ya hospitali. Hii ni saka. Mimi ni mtu wa milimani kama yeye, tunajua wote: yule pepo anayewashika wanawake wa kwetu, anayetaka ngoma na asiyetaka sindano.

Mama Mable si mjinga. Alisema saka anaijua, ilimshika dada yake. Saka hutikisa mwili, haikazi shingo hivi. Nikamwambia siku hizi zimetoka za aina nyingi. Akanitazama juu hadi chini. Nadhani aliona koti langu jeupe, akaamua niko sahihi. Mtu wa koti akisema ni saka, wewe wa kikapu utabishana vipi?

Wameondoka kwenda kumchezea ngoma nyumbani, na lori la mkonge lililokuwa linaenda upande wa Taveta. Nilisaidia kumpandisha. Alikuwa mgumu kama mbao. Gauni jipya lilibaki kitandani, nikalikunja vizuri. Kwenye rekodi nimeandika: ametoka, hali nzuri.

Jumamosi, 11 Machi

Mwanaesha amerudi na hina mikononi na maswali mdomoni. Hakunisalimu hata. Alimwona Maundu, ambaye naye shingo ilikuwa imeanza kwenda upande, akauliza vidonge vyeupe viko wapi. Nikasema vimekwisha. Akaenda mbio stoo kuu, akarudi na sindano ya dawa ya namna hiyo hiyo. Akamchoma. Chai yangu haijapoa, shingo ya Maundu ikarudi mahali pake! Akatangaza treni ya Mombasa. Wagonjwa wakapiga makofi.

Nilieleza kwamba hayo ni matokeo ya matibabu yangu, yaliyochelewa kidogo tu. Aliuliza Wakio yuko wapi.

Nilipomwambia, alikaa chini kwenye kitanda kitupu. Kisha akasimama akaomba ufunguo wa Land Rover. Mraru si mbali kwa gari. Akasema, Bwana Donald, nakuomba kwa Mwenyezi Mungu, yule mtu koo limekaza, hawezi kumeza, na huko watamlisha.

Nilifikiria. Kweli nilifikiria! Lakini barabara ya Mraru ni vumbi tupu, na gari lilikuwa linang'aa. Na tena, kumpeleka muuguzi na sindano ni kutangaza kwamba haikuwa saka. Nikamwambia gari litatoka Jumatatu mchana, daktari akishaondoka, na mimi mwenyewe nitamsindikiza. Sidhani kuna msimamizi angesema vizuri zaidi.

Alichukua mkoba wake akaenda kusimama barabarani kungoja lori. Saa tisa nilichungulia, bado alikuwa amesimama pale juani. Ukaidi tu.

Jumapili, 12 Machi

Wakio amefariki.

Mwanaesha alirudi leo watu wakitoka kanisani, nguo zote vumbi jekundu. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, hakuingia. Lori lilipatikana jioni. Alipofika Mraru ngoma zilikuwa zimeshanyamaza. Walicheza tangu asubuhi, majirani wote walikuja. Wakio hakuwa amekula tangu Ijumaa, na mama yake akaona amedhoofika. Akamkalisha mapajani kama mtoto, akamnywesha uji kwa kijiko. Uji haukushuka tumboni. Uliingia njia ya pumzi.

Mwanaesha alisema mama Mable alimuuliza jambo moja tu: kama angeanza ngoma Ijumaa ile ile, badala ya kungoja asubuhi, je, mwanawe angepona?

Niliuliza alimjibu nini. Akasema alimwambia ukweli. Nikashtuka. Ukweli upi?

Nilijisikia vibaya. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma: nilijisikia vibaya sana. Nilikaa stoo kwenye magunia. Mchana nilikula nusu ya wali tu, na nyama. Vile Wakio alivyonishika mkono wa koti vinanirudia. Lakini tuangalie pia upande wa pili. Hakufia wodini. Na wodi ingekuwa kimya, kama si Mwanaesha kumwamsha Maundu.

Nimetoa vidonge kwenye droo, nikavirudisha rafuni nyuma ya pamba, ionekane vilijificha.

Jumatatu, 13 Machi

Daktari mkuu amefika. Hakutazama mawe. Hata moja!

Juu ya jiwe la kwanza, karibu na lango, alikuwa amekaa mama Mable. Amekuja kuchukua gauni amzike nalo. Chokaa ilikuwa imemshika nguo yote. Daktari aliinama akamsikiliza kwa muda mrefu, wakati mimi nimesimama na hotuba yangu. Halafu akamsikiliza Mwanaesha. Maundu akatangaza treni ya Nairobi na hakuna aliyemkemea.

Kisha nikaitwa ofisini. Daktari aliniuliza swali moja, kwa sauti ndogo. Ukiacha mambo ya akili, dopamini ina kazi gani nyingine mwilini? Nikajibu bila kusita: kuleta kelele. Aliweka kalamu mezani. Hakuniuliza kitu kingine, kwa hivyo nadhani jibu lilimtosha.

Mama Mable alitoka na gauni kifuani. Nilimpa pole. Akanipita kana kwamba ni mlango tu uliomsemesha.

Jumatano, 15 Machi

Barua imefika! Mwanaesha amepewa wodi. Lilikuwa jambo la kutarajiwa, watu wa mjini hubebana. Mimi nimehamishwa zahanati moja karibu na Bomeni, kule Taveta, mara moja, wakati uchunguzi unaendelea. Metroni alisema nishukuru Mungu ni uhamisho tu. Mimi nimeusoma vizuri zaidi yake. Mtu hapelekwi mbali hivyo peke yake kama haaminiwi. Huko hakuna metroni, hakuna Mwanaesha, na muuguzi mkubwa nitakuwa mimi.

Nimeshaulizia mazingira. Watu wa kule wanasema kliniki ya watoto ina kelele isiyovumilika, akina mama mia na watoto wanalia tangu asubuhi. Sindano za kutuliza nimebeba boksi zima. Kwa watoto nitaanza na nusu.