Ugomvi Wangu Ulioharibikia Thailand

Buyenzi, Bujumbura

Kwa Mkurugenzi,
Shirika la Safari la Inzira Nziza

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima na kwa moyo mzito, mimi Assia, muuza vitenge, nakuletea malalamiko juu ya safari mliyotupeleka sisi wafanyabiashara mwezi uliopita, kununua mali Bangkok. Ndege ilikuwa salama na hoteli ilikuwa na maji. Lalamiko langu ni la siku ya mwisho tu, ile mliyoiita matembezi ya kuona masoko ya asili. Siku hiyo moja imeniharibia ugomvi wa miaka sita.

Ugomvi wenyewe ni kati yangu na Dévote, jirani yangu wa meza sokoni. Turubai lake limevuka kwangu shubiri moja, na mvua ikinyesha maji yote humwagikia vitenge vyangu. Tangu hapo hatujasemezana. Tukiwa na neno, tunampa Claude fundi cherehani alifikishe, ingawa meza zetu zinagusana. Kamati ya soko, chini ya Mzee Salvator, imelikalia jambo hili vikao kumi na kimoja, kila kikao na soda na mishikaki yake. Ni ugomvi unaojulikana, na ulikuwa umetunzwa.

Sasa naomba usome yaliyonipata.

1. Asubuhi tulifikishwa kwenye soko la majini, ambako kina mama wanauza matunda na supu ndani ya mitumbwi. Kiongozi wenu, Bwana Mugisho, alitupanga wawili wawili kwa uzito, ili mitumbwi isilale upande. Alitutazama wote, akasema mimi na Dévote ndio tunaolingana. Sokoni kwetu hakuna aliyewahi kuthubutu kusema hivyo. Nikakaa mbele, yeye nyuma, magoti yake mgongoni mwangu.

2. Nilitaka kofia ya majani. Muuzaji akataja bei, nami nikafanya kama tunavyofanya kwetu: nikakunja uso nijifanye naondoka, ili aniite. Lakini ndani ya mtumbwi mtu anaondokaje? Nilibaki pale na uso wangu uliokunjwa. Ndipo Dévote, bila kuombwa, akanyoosha mguu akausukuma mtumbwi wa yule mama, na wetu ukarudi nyuma polepole kama vile tumeghairi. Mama akatuita. Bei ikashuka nusu. Sikumshukuru Dévote. Nilimtikisia kichwa kukubali, na Bwana Mugisho ni shahidi kwamba niliishia hapo.

3. Mchana tulipelekwa kwenye soko la relini. Wauzaji wamepanga samaki na mboga kando ya reli kabisa, nyingine juu ya reli yenyewe, na maturubai yamekutana juu kama dari. Kengele ikilia wanayakunja, treni inapita, wanayakunjua. Hayo karatasi yenu ya matembezi iliyaeleza. Haikueleza kwamba mtu anaweza kuokolewa.

Nilikuwa nimechutama nikipima kwa mkono nafasi iliyoko kati ya meza mbili za kando ya reli, nipate ushahidi wa kupeleka kwa kamati. Haikufika hata vidole vitatu. Kengele sikuisikia. Nilichosikia ni sauti ambayo haikuwa imenisemesha kwa miaka sita: "We Assia, toa mukono. Treni inakuya."

Kabla sijageuka alikuwa ameshanivuta mkono. Tukaangukia kati ya vikapu vya samaki wakavu, amenishika kiunoni, mabehewa yakipita mbele ya pua zetu mpaka la mwisho. Alikuwa ananiambia pole, pole. Nikamwitikia. Nakiri kwamba nilimwitikia.

Treni ilipokwisha kupita, bibi mmoja alikunjua turubai lake, kisha akakunjua na la jirani yake aliyekuwa anahudumia mteja. Nikamwomba Bwana Mugisho amwulize ni kamati gani inayowaamulia mipaka. Aliuliza mara tatu. Yule bibi hakuelewa swali.

4. Tumerudi nyumbani na madhara yanaendelea. Jumanne mvua ilikuja ghafla, Dévote yuko benki, nikajikuta nimesimama juu ya kigoda nikilikaza turubai lake lisipeperuke. Soko zima liliona. Mzee Salvator ameahirisha kikao cha kumi na mbili na siku hizi hanitazami vizuri. Fabiola wa upande wa mchele, ambaye kwa kunionea huruma hakumsalimu Dévote miaka minne, ananiuliza nani atamrudishia salamu zile. Hata nyumbani, mume wangu Twalibu alizoea kula akisikiliza habari za Dévote. Sasa tunakula kimya. Juzi ameniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri wa shirika lenu, ithibitishe kwamba neno lililosemwa ugenini, kando ya treni, halihesabiwi kuwa salamu. Kama barua haiwezekani, basi leteni treni. Sisemi kwa mzaha. Amani hii mliyonirudisha nayo ilitokana na treni, na hapa Bujumbura hatuna treni. Ikiharibika siku moja, nitaitengenezea wapi? Mmenipa kitu ambacho vipuri vyake havipatikani mjini.

Nawasalimu wote hapo ofisini, hasa Raïssa aliyetupimia mizigo bila kununa, na Bwana Mugisho mkimpata kwa simu. Mungu awalinde na familia zenu.

Wenu katika malalamiko,
Assia, meza ya tatu kutoka bombani

Nyongeza: Barua hii ameiandika Dévote kwa mkono wake, maana wangu wa kulia bado unauma tangu aliponivuta, na nimeona aliyeuvuta ndiye anayepaswa kuandika. Mwandiko umepinda kwenye namba ya pili kwa sababu alikuwa anacheka. Safari ya Agosti tuandikieni sote wawili, mtumbwi mmoja. Safari hii yeye akae mbele.