Mtetezi wa Ofisi Nzima

Jumatatu, 4 Agosti 2008
Semina ya mahusiano mema kazini. Siku nzima! Mwezeshaji kutoka Nairobi alitufundisha kutazamana machoni. Kwetu, ukimtazama mtu mzima machoni, unatafuta fimbo. Kisha Cate, mkurugenzi wa shirika letu, aliye rika la binti yangu, akaniita pembeni. Mkataba wangu unaisha. Ataamua Ijumaa, baada ya kuwauliza wenzangu kama wanataka kuendelea kufanya kazi nami.
Miaka ishirini na mbili ugenini Kenya, nimesoma vitabu vya mataifa yote, nimerudi Juba kwa heshima. Mkataba ukikatika, narudi Nakuru kulala kwenye kochi la mkwe wangu. Baba mkwe kochini! Afadhali kaburi.
Lazima wanipende. Wenzangu wote watatu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata njia, na haikutoka semina. Mtu hampendi anayemsifu, humpenda anayemtetea. Asiye na adui basi aundiwe. Nilimwambia Omondi, dereva wetu Mkenya, kwamba Atong wa mapokezi anasema anaendesha gari kama mtu anayekimbiza mbuzi, na kwamba nilimkemea. Nikamwambia Atong kwamba Gatwech wa stoo anacheka Kiingereza chake cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nilimkemea. Nikamwambia Gatwech kwamba Omondi anamwita kufuli lenye miguu. Nilimkemea pia. Nimekemea sana leo, koo limekauka.

Jumatano, 6 Agosti
Ajabu! Omondi kanipa kiti cha mbele garini, kamtupa Atong nyuma na magunia. Atong kaniletea chai kabla ya wote, akaniita baba. Gatwech kanitolea feni mpya. Wao kwa wao, hata salamu hakuna. Ofisi yote, hapa mtaa wa Thongpiny, kimya kama kanisa siku ya kazi. Mahusiano yangu na kila mtu ni bora kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti
Mjomba wa Gatwech amefariki. Mungu amlaze pema. Nafasi ya dhahabu! Nilimweleza Cate kwamba huku ofisi isiyokwenda msibani haina adabu. Akanisifu mbele ya watu. Omondi na Atong hawakutaka kwenda, nikawashurutisha.
Msiba ulikuwa mtaa wa Hai Cinema, chini ya turubai. Nilisahau jambo ambalo mtoto wa Juba halisahau: msibani watu hukaa. Hukaa tu. Chai, kimya, chai tena, mwishowe huongea. Mimi niliitwa kwenye viti vya wazee. Wale watatu wakabaki mkeka mmoja. Katikati ya sala ya mchungaji nikamwona Omondi akionyesha jinsi ya kukimbiza mbuzi. Atong kajifunika uso kwa leso. Nikadhani analia. Gatwech, mfiwa mwenyewe, mabega yakimtikisika.
Kisha wote wakageuka kunitazama. Machoni, kama tulivyofundishwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Cate aliwaita mmoja mmoja, kisha mimi. Alisema hajapata kuona wafanyakazi walioshikamana namna ile. Kuhusu mimi, wote watatu walitumia neno moja. Akakataa kulitamka.
Nje Omondi aliniambia, "Mzee, bahati yako hizo mvi." Atong sasa ananiita Mzee Fulgensio, baba imekwisha. Gatwech alikuja kuchomoa feni ningali nimekaa mbele yake. Cate, akiona haya kumtupa mzee barabarani, kanipa miezi mitatu uwanja wa ndege, kupokea mizigo yetu. Peke yangu. Anasema huko sitamsumbua mtu. Alikusudia kusema sitasumbuliwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Kontena moja, kiti kimoja, joto la tanuri. Lakini niko Juba. Kochi lisubiri.
Nimetafakari kwa dhati. Kosa langu lilikuwa ule msiba. Njia yenyewe haina kasoro.
Hapa wapo wapakizi wawili wa shirika jirani, Biar na Romano, hawaachani kama kope za jicho moja. Asubuhi nilimwambia Biar kwamba Romano anasema yeye hubeba magunia kama bibi harusi, na kwamba nilimkemea. Kaniletea soda baridi.
Mchana nikasikia mama yake Romano yuko taabani. Nilinunua machungwa, nikaenda mwenyewe hospitali, nikapiga magoti kando ya kitanda. Apone, Bwana! Aishi miaka mia! Sijapata kumwombea mtu kwa moyo safi namna hii.