Mtani wa Bima

Chumba cha muuza chipsi kilipoungua pale Nachingwea, mtaa mzima ulimhurumia muuza chipsi. Kaimu peke yake ndiye aliyeitazama nyumba ya jirani. Ilikuwa nyumba ya wapangaji sita, na wote sita walikuwa wamesimama uani wakiyaangalia magodoro yao kwa wasiwasi. Kaimu akamshukuru Mungu kwa riziki.

Kesho yake asubuhi aliingia uani humo na shati jeupe, faili la bluu na jina jipya.

"Hodi humu! Tadeo Komba, Mngoni wa Songea, wakala wa bima. Nasikia humu wamejaa Wamwera, watani zangu. Babu zangu waliwakimbiza babu zenu mpaka porini, mimi nimetumwa kuwarudisha!"

Uani kukalipuka kicheko. Ukweli ni kwamba Kaimu alizaliwa Mbekenyera, Mmwera kwa baba na kwa mama, na Songea alikuwa akiisikia redioni tu. Lakini alilijua jambo moja: mgeni huulizwa kitambulisho, mtani hupewa kigoda. Akapewa kigoda.

"Bima ya mwenye nyumba, kama anayo, ni ya ukuta na bati," alisema. "Vya ndani ni vyako, mpangaji. Godoro likiungua, yeye atakupa pole. Umewahi kulalia pole wewe?"

"Sijawahi, kaka," alijibu Rashidy, kinyozi wa chumba cha kwanza.

"Basi chagueni. Ipo Bima ya Mkeka, ya mtu mwenye mkeka na sufuria yake. Ipo Bima ya Sebule. Halafu ipo Bima ya Mheshimiwa. Kila mtu ataje mali zake kwa sauti, mimi naandika. Ada ni ufuta, si mmetoka kuvuna? Hela zenu nyie watani sizitaki, zinanuka."

Hapo kwenye "kwa sauti" ndipo palipokuwa na ufundi wote. Rashidy alitaja redio na kitanda. Dionisia, mwalimu wa chekechea wa chumba cha pili, akataja televisheni ya inchi thelathini na mbili, habari iliyomshangaza hata mumewe. Rashidy naye akakumbuka ghafla kwamba ana friji.

"Friji iko wapi?" Dionisia aliuliza.

"Iko njiani."

"Tunaandika," alisema Kaimu kwa upole. Bima yake haikuwa na choyo. Kufika adhuhuri nyumba ile ilikuwa na mafriji mengi kuliko soketi, hakuna aliyekubali kuitwa mtu wa mkeka, na nyuma ya pikipiki ya Kaimu lilikuwa limefungwa gunia zima la ufuta.

Mtu mwenye akili angewasha pikipiki akaondoka. Kaimu akaiona cherehani.

Ilikuwa ya Mama Mwamina, fundi nguo wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akishona kimya muda wote ule. Ndiyo iliyomlisha tangu afiwe na mumewe, na hakuwa na namna ya kupata nyingine.

"Hiyo mashine, mtani, lazima ikakaguliwe ofisini Ruangwa," alisema Kaimu. "Keshokutwa inarudi na stika yake."

Mama Mwamina alikata uzi, akamkagua uso kama anayekagua mshono.

"Haya, mtani. Ila unipitishe Lionja kwanza, kuna arobaini ya kaka yangu. Kichwa cha mashine nitakipakata mwenyewe."

Lionja haikuwa njia yake, lakini kwa cherehani kama ile Kaimu angepita hata kuzimu. Walipofika kwenye msiba, Mama Mwamina alishuka na mashine yake kifuani, akapaza sauti.

"Jamani! Si mlilalamika kaka kazikwa bila mtani wa kumcheka? Nimewaletea Mngoni!"

Vigelegele vikapasua anga. Mtani msibani ana kazi zake: huchekesha, huosha vyombo, na chochote alicho nacho huweza kunyang'anywa. Akinuna, aibu ni yake. Kabla Kaimu hajafungua mdomo, funguo zilikuwa zimekwenda, viatu vimekwenda, na bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia, helmeti kichwani.

"Babu yako alichukua mbuzi zetu na shangazi zetu," alisema bibi. "Leo tunaanza na gunia."

"Mama zangu, hiyo ni mali ya ofisi!"

"Mtani ananuna!"

"Sinuni, ila..."

Mzee mmoja akaacha kucheka. "Au si Mngoni?" aliuliza. "Maana kama si mtani, basi tuna mtu tusiyemjua, mwenye gunia la watu na cherehani ya mjane."

Waliokuwa wakipasua kuni wakanyanyuka, na mashoka yao wakanyanyuka nayo.

"Mngoni mimi!" Kaimu alipiga kelele. "Mngoni kabisa! Chukueni! Chukueni na soksi!"

Wakachukua na soksi. Aliosha masufuria mpaka alasiri, akamlilia marehemu asiyemjua, na kusema kweli yale machozi hayakuwa ya kuigiza. Mwishowe wakamruhusu akomboe kitu kimoja, kama ilivyo ada. Akaikomboa pikipiki kwa kuliacha gunia, na gunia likapakiwa kwenye gari la kurudi Nachingwea, kwa wenyewe, pamoja na cherehani.

Kaimu akapanda pikipiki, miguu mitupu. Mama Mwamina akamsogelea, akampa mkono na kuinama karibu na sikio lake.

"Safari njema, mtani. Ukifika Mbekenyera msalimie mama yako. Mwambie gauni lake la Idi nimeshamaliza kulishona."