Jangwa la Pito

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Redio imesema Sahara iliwahi kuwa na maziwa, viboko na majani marefu. Mvua zikihama, mtaalamu akasema, jangwa laweza kuwa kijani tena. Hapo betri zikafa. Rhoda anauza betri sokoni Mazwi, lakini alinipita alama mbili kidato cha nne na hajanyamaza hadi leo. Sinunui kwake. Niliyosikia yanatosha.

Alhamisi, 6 Novemba
Sahara ni mbali. Jangwa la karibu ni eneo la mfugaji Nyanda kule Pito, ng'ombe wake wamelikanyaga hadi likawa sakafu. Mama yuko Mpanda kwa dada aliyejifungua. Shambani kwake ameacha intumba, yale matuta ya mviringo aliyofukia nyasi mwaka huu. Zimeoza vizuri, zinangoja kusambazwa tupande ulezi. Ugali wetu wa mwaka mzima. Nimebadilishana na Nyanda, msimu mmoja: yeye shamba la mama, mimi jangwa lake. Sharti lake: nyasi zikiota jangwani, ng'ombe wake wazile kama zamani. Sawa, mimi nataka ulezi. Mkewe Kija ameuliza mara mbili kama mama anajua. Nimesema atafurahi.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimepanda. Rhoda kapita na baiskeli, akauliza nitafuga ngamia wa rangi gani. Nimemwambia aje baadaye aone. Jioni mvua kubwa. Mbegu zote zimeteremka korongoni.

Jumapili, 30 Novemba
Kijani! Ni nyasi tu, na sikuzipanda, lakini sayansi ni sayansi. Nimemwita Rhoda aje kushuhudia. Akaja. Ng'ombe nao wakaja. Kufika jioni jangwa limerudi. Nyanda ameniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa heshima kabisa, akanisifu kwa kutunza malisho.

Ijumaa, 19 Desemba
Mama amerudi. Nimempa shikamoo. Alikuwa anamtazama Kija akisambaza intumba zake. Kisha akasema kwa Kifipa maneno ambayo sitayaandika. Hukumu: nikawe kibarua kwa Kija, shambani kwetu, nilipwe ulezi. Kija ananielekeza kwa upole. Polepole, dada, tuta hili lina mbolea nzuri. Upole wake ndio unaoniua.

Jumatatu, 22 Desemba
Redio ya Kija, yenye betri za Rhoda, imerudia kile kipindi. Safari hii mtaalamu amemaliza sentensi: mabadiliko hayo huchukua maelfu ya miaka. Kwa hiyo sikukosea. Nimewahi tu.

Nyanda ana eneo jingine tupu, baya zaidi. Nimemwuliza kama anapenda mbuzi. Mama anao wawili.