Rafu Yenye Jina Langu

Jumatatu, 6 Mei

Hatimaye! Maktaba imetenga rafu nzima kwa ajili ya hadithi za sayansi ya kubuni na za njozi, na rafu itapewa jina la msomaji mmoja. Kibao cha shaba. Herufi za kuchonga. Mkutubi ametutangazia leo jioni kwenye kikao cha kundi letu la wasomaji, huku akigawa chai yake ya siku zote, baridi na haina sukari. Jumamosi kila mtu atasimama aseme anasoma nini kwa sasa na anatupendekezea nini. Kisha kura, na mwenye pendekezo litakaloshinda ndiye mwenye rafu. Yeyote mwenye kadi ya maktaba anaruhusiwa kupiga.

Kibao ni changu. Nimo kwenye kundi tangu lianzishwe. Wamenipa hata jina, Jalada. La heshima, bila shaka. Nadhani ni kwa sababu ninalikinga kundi kama jalada linavyokinga kitabu. Sijawahi kuuliza.

Kuna kasoro moja ndogo. Sijawahi kumaliza kitabu. Nani ana muda? Nipo ukurasa wa kumi na moja wa hadithi ya chombo cha anga tangu mwaka juzi, na chombo chenyewe bado hakijaruka. Lakini kundi letu lina kanuni moja tukufu: hakuna kumwaga mwisho. Anayesema kitabu kinavyoisha anaosha vikombe vyote. Kanuni hii imenilea. Nikiulizwa swali gumu nainua kidole changu cha shahada, natabasamu, nasema nisije nikawaharibia utamu. Wote wanaitika kwa adabu. Mazezeta.

Jumapili mama mkwe anakuja. Miaka yote hii ananiita "yule wa miwani", kwa kuwa nina duka la miwani. Akichoka, "yule" tu. Leo nimempigia simu nikamwambia maktaba ina rafu yenye jina langu. Akauliza jina langu ni nani vile.

Inauma. Nayaandika haya hapa kwa kuwa hakuna atakayeyasoma. Inauma sana.

Jumanne, 7 Mei

Mpinzani ni mmoja tu: Mfamasia, mwenye duka la dawa lililo mkabala na langu. Mwanamke anasoma kama kaambiwa vitabu vinakwisha kesho. Anasoma akihesabu vidonge. Anasoma akivuka barabara. Kwa sasa anahubiri kitabu kimoja kinene kama tofali, kuhusu mji ambao kila anayekufa huacha sauti yake ndani ya ukuta, mpaka siku moja kuta zinaanza kubishana. Kuta! Mtu mzima na akili zake anasoma habari za kuta.

Anakipenda, basi. Amebakiza nusu. Na mtu akimsikiliza anavyokisifu anatoka hapo moja kwa moja kwenda kukiazima. Huo ndio wasiwasi wangu.

Kumbe bahati imelala upande wangu! Saa nne kaingia dukani na miwani mkononi, lenzi moja ina ufa. Ameikalia. Akasema, kaka yangu jirani, bila hii mimi sioni hata kidole changu, na Jumamosi ndiyo hiyo. Nikaigeuza. Nikaguna. Nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Nikamwambia lenzi ya aina hii lazima iagizwe nje, itafika wiki ijayo Mungu akipenda.

Lenzi ipo kwenye droo ya kulia. Zipo kadhaa. Kazi ya kuifunga ni fupi kuliko kuchemsha yai.

Alishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nimelala usingizi mzito baada ya chakula cha mchana.

Jumatano, 8 Mei

Sasa pendekezo langu. Vitabu vyote vizuri vina wenyewe. Kinyozi, mwenzetu kundini, atapendekeza majoka, maana kila mwaka ni majoka, na kama kitabu hakina joka yeye hulitafuta kwenye mawingu ya picha ya jalada. Nikipendekeza kitabu ambacho mwingine amekisoma, nitaulizwa maswali.

Kwa hiyo nimepata kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Nimekibuni! Kinaitwa *Sayari Isiyo na Mlango*. Mwandishi hapendi kujulikana. Nakala zilichapwa chache, nyingi zikaungua. Nimeona fahari. Dakika kumi tu za kufikiri, na kina sifa zote za kitabu bora isipokuwa kurasa.

Nikaenda kukijaribu kwa Kinyozi, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake na shuka shingoni. Nikamtajia jina, nikasema ndicho ninachosoma kwa sasa. Mkasi ukasimama hewani. Akasema, bosi, hicho mbona nilishakisoma zamani! Akasema kilimtoa machozi, hasa pale kwa yule mama.

Mama yupi? Mimi sikuweka mama yeyote!

Ndipo nikaelewa ninaishi na watu wa aina gani. Mtu anatazama kioo, anajitazama mwenyewe machoni, na anasema amesoma kitabu ambacho hakipo. Sina neno la kumwita. Mtu anayedanganya kuhusu vitabu hafai hata kupewa wembe.

Nikamjibu kwamba mimi pia nililia pale kwa mama.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa.

Mfamasia kakosa macho, kaazima masikio. Mumewe anamsomea! Na mumewe ni mtangazaji wa mpira uwanjani, jitu lenye koo kama tarumbeta. Tangu asubuhi kasimama nyuma ya kaunta ya dawa anasoma habari za kuta kama fainali. Ukuta wa kwanza unasema! Ukuta wa pili unajibu! Loo, ukuta wa tatu unaingilia kati! Watu waliokuja kununua dawa ya kikohozi hawaondoki. Foleni imevuka barabara na kuziba mlango wangu. Mzee mmoja aliingia kwangu, nikadhani mteja. Alitaka kuazima kiti akasikilize vizuri.

Mchana nikapita maktaba. Watu wanajiandikisha kadi. Nikamuuliza Mkutubi kulikoni. Akasema kwa furaha kwamba wote wanataka kupigia kura kitabu cha kuta, na kwamba tangu aanze kazi hajapata kuona kitu kama hicho. Macho yake yalikuwa na unyevu. Mtu wa ofisi ya umma, analia hadharani kwa sababu ya foleni.

Kisha akashusha sauti. Amesikia kwa Kinyozi kuhusu kitabu changu adimu. Amekitafuta kwenye orodha zote hakukiona. Jumamosi nije na nakala yangu, wanakundi wakiguse kwa mikono yao.

Nikasema bila shaka. Nikatoka. Nikaketi dukani nikitazama ubao wa herufi za kupimia macho, na hata ile kubwa ya juu sikuiona vizuri.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya kurekebisha mambo. Mimi si mtu wa kukata tamaa.

Jambo la kwanza: kumnyamazisha mumewe. Nikafunga lenzi haraka, nikavuka barabara na miwani, nikasema mzigo umewahi kufika, nimehangaika usiku na mchana. Mfamasia alinikumbatia mbele ya foleni nzima. Akawatangazia kwamba hivi ndivyo jirani anavyotakiwa kuwa. Foleni ikapiga makofi. Nikainama kidogo. Nilistahili.

Lakini mumewe hakuacha! Alisema amefika patamu, naye anataka kujua. Foleni ikamuunga mkono kwa kelele. Mke kavaa miwani yake mpya, kakunja mikono, anasikiliza. Nimemfanyia wema wa bure kabisa.

Jambo la pili: nakala. Nikachukua katalogi ya fremu za miwani iliyoko chini ya kaunta. Nene, kurasa zinang'aa, ina uzito wa kitabu cha maana. Nikaivika karatasi nyeusi. Nikachora sayari. Mke wangu alipita nyuma yangu, akauliza kwa nini nimechora chapati. Nikamwambia hajui sanaa. Akasema labda, ila mama yake anasubiri kwa hamu kuiona hiyo rafu, amemsimulia hata jirani yake, nami nisije nikamwaibisha. Aliniwekea mkono begani aliposema hivyo. Bora angenitukana.

Mpango ni rahisi. Nitakiinua juu wakione kwa mbali. Mtu akitaka kukifungua, nitasema ukurasa wa kwanza unamwaga mwisho.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika kwa tabu. Vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni.

Ukumbi wa maktaba ulijaa hadi madirishani. Kinyozi akaanza na majoka yake, akapigwa makofi ya huruma. Mfamasia akasimama na tofali lake. Alisema maneno machache tu: kwamba baba yake alifariki hawajapatana, na kwamba akisoma habari za sauti zilizobaki ukutani anapata pa kumjibu. Upuuzi mtupu. Mimi nilipenga kamasi kwa sababu ya vumbi la vitabu.

Kisha mimi. Niseme kweli, nilikuwa moto. Nikawaeleza sayari isiyo na mlango, wenyeji wasiojua kama wako ndani au nje. Nikawaeleza mama. Kinyozi akafuta macho kwa taulo lake la kazi. Mtu akauliza inakuwaje mwishoni. Shahada juu! Ukumbi ukacheka. Nilikuwa naiona shaba.

Hapo Mkutubi akapata wazo. Alisema kwa kuwa wiki hii mtaa mzima umeonja utamu wa kusomewa, kila kitabu kisomwe kidogo kwa sauti kabla ya kura. Na kitabu adimu kitangulie. Kabla sijainua kidole, mume wa Mfamasia kashakinyakua mkononi mwangu, kakifungua katikati, kakohoa.

Akasoma. Wa arobaini na mbili! Uso wa duara! Daraja jembamba juu ya pua! Mikono mirefu, inayojikunja kwa nyuma! Haupauki juani! Haupati kutu!

Nami nilifumba macho nikingoja kicheko. Hakikuja. Ukumbi ulishusha pumzi. Nyuma mtu akasema, viumbe hawa wanatisha. Mume akafungua ukurasa mwingine. Wa arobaini na tatu! Uso wa pembe nne! Hufaa wakubwa na watoto! Kinyozi akamgusa jirani yake, akamnong'oneza kwamba hapa ndipo mama anapotokea.

Nilikuwa nashinda! Kwa Mungu nilikuwa nashinda! Watu walisimama ili wasikie vizuri.

Mfamasia akasogea kutazama juu ya bega la mumewe. Akaisukuma miwani yake puani. Akatazama ukurasa. Akaivua miwani, akaiangalia, akaangalia picha, akaivaa tena. Kisha akasoma mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kawaida ya kuelekeza dawa, maelezo ya chini ya picha: lenzi za fremu hii hupatikana dukani wakati wote, na hufungwa papo hapo mteja akisubiri.

Hakupiga kelele. Alinigeukia, akauliza, hivi kaka yangu, ni kweli uliagiza nje?

Nikainua shahada. Mazoea tu.

Sitaandika yaliyosemwa. Katalogi ilizungushwa mkono kwa mkono. Kinyozi alikuwa wa kwanza kusema siku zote alinishuku, yeye! Mzee wa kiti alidai kiti alichoazima kwangu abaki nacho. Kura zote kwa kuta. Kibao kitachongwa jina la Mfamasia. Mkutubi, kwa masikitiko ya kinafiki, alisema sitafukuzwa, ila nitaosha vikombe, na nitakaa kimya kwenye vikao mpaka nisome kitabu kimoja hadi mwisho. Nikapinga. Sijamwaga mwisho wowote! Katalogi haina mwisho! Hawakusikiliza. Watu wasiosoma kanuni zao wenyewe.

Nilipokuwa nasuuza, Mfamasia alikuja jikoni akaniwekea lile tofali lake juu ya meza. Alisema nianze na hiki, na nikikwama nivuke barabara tusome wote. Nikamwambia mikono yangu ina maji.

Jumapili, 12 Mei

Nimejitafakari tangu alfajiri. Tatizo limejulikana: fremu. Ningetumia katalogi ya mashine za kupimia macho, isiyo na picha, leo ningekuwa na kibao.

Tofali nimelifungua. Kurasa mbili. Kuta bado hazijabishana. Mwandishi anajivuta.

Kinyozi kapita kuomba radhi. Kisha akauliza kwa aibu kama *Sayari* ina kitabu cha pili. Nimemwambia kinachapwa. Akasema amekisikia hicho, watu wanakisifu.

Mama mkwe kafika adhuhuri na mkoba wake. Kabla hajakaa kasema kesho asubuhi twende maktaba, akaisome rafu kwa macho yake. Ameniita kwa jina langu! Lote! Alilifanyia mazoezi njiani, mke wangu ananiambia. Nilitaka kumweleza ukweli. Mdomo niliufungua. Kisha nikaona miwani yake ina mikwaruzo.

Nikaivua taratibu puani mwake. Nikaguna. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia, mama, lenzi hizi hazifai hata kidogo, na za aina hii lazima ziagizwe nje.

Zipo droo ya kulia.

Hakukasirika. Kasema rafu ataiona hivyo hivyo, na kibao atatafuta mtu wa kumsomea. Wala sina wasiwasi. Mtaa huu nani ana muda wa kumsomea mtu kwa sauti?