Walimu Watatu wa Koti Moja

Ujanja hauna likizo. Siku ile Koti alikuwa ametumwa tu na dada yake kupeleka furushi la sare shuleni, kazi ambayo mkokoteni ungeifanya bila kununa, na bado ujanja ulimfuata hadi kwenye benchi la wazazi ukaketi naye.

Jina la Koti alipewa na mtaa. Alikuwa na koti moja jeusi alilolivaa jua na mvua, na ndani ya koti hilo alishakuwa wakala wa viwanja visivyokuwepo, daktari wa meno wa wiki moja, na mchumba wa wajane wawili waliokuja kujuana saluni. Koti lenyewe alishonewa na dada yake, fundi cherehani, enzi ambazo dada aliamini mtu akivaa vizuri kazi itamtafuta. Vifungo vyeusi vilimwishia njiani, kwa hiyo cha juu akakiweka cha kahawia, akakikaza kwa uzi mwekundu ili kisije kikadondoka mbele ya bosi. Bosi hajaonekana hadi leo.

Sasa dada alikuwa amechoka. Alishatoa tamko, na dada akitoa tamko hata cherehani hunyamaza: muhula wa shule ukiisha Koti hana kazi ya kueleweka, anaondoka kwenda kwa baba yao mdogo kulisha kuku. Baba mdogo alikuwa na kuku wengi na maneno machache, na inasemekana huamka kabla ya jogoo ili apate kumkosoa. Koti kila akifikiri habari hiyo alijiuliza swali moja. Mtu aliyezaliwa kuwababaisha watu atawababaishaje kuku?

Pale benchini wazazi walikuwa wamekuja kuchukua ripoti. Shule yao ilifuata mtaala wa Uingereza, nchi ambayo wengi wao waliijua kwa mvua yake na kwa mpira wake, na kila ripoti ilikuja na ushauri ule ule: mtoto atafutiwe mwalimu wa ziada mtandaoni kabla ya mitihani. Ndipo walipokuwa wanakuna vichwa. Mzazi mmoja alikuwa amemchagua mwalimu kwa sababu ya kabati la vitabu lililoonekana nyuma yake, kumbe picha. Mwingine alimpenda wa kwake kwa kuwa hata kukohoa alikohoa kwa Kiingereza. Mama mmoja mnene mwenye duka la makochi na makabati, ambaye wote walimwita Mama Samani, alisema jambo hili limemshinda kabisa. Mume alimchagua kwa robo saa, akasema, na matokeo yake kila mtu aliyaona.

Koti akajipangusa vumbi begani kama mtu aliyeombwa ushauri.

"Tatizo, mama zangu, mnachagua wenyewe," akasema. "Wenzenu siku hizi wanachaguliwa."

Kabla ya kengele kulia alikuwa ameshakuwa mshauri mteule wa uteuzi wa walimu, cheo ambacho ukikirudia mara mbili kinaanza kuonekana cha kweli. Anao walimu watatu, wote wako Uingereza, wote hawapokei mtoto ovyo. Kwa heshima ya benchi hili tu, angeweza kuwaombea nafasi. Ada hulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, lakini kwanza mtoto anaonjeshwa bure.

Kwa nini watatu? Hapa tumvulie kofia, maana mjanja naye ana taaluma yake. Mzazi ukimpa mwalimu mmoja atauliza vyeti. Ukimpa watatu atauliza yupi bora, na vyeti atavisahau mwenyewe. Wazazi wengine walisema watafikiria. Mama Samani alitoa namba ya simu hapo hapo, na Koti akaenda zake akipiga mluzi, furushi la sare akiwa amelisahau benchini.

Mwalimu wa kwanza aliitwa Mwalimu Ndevu, wa hesabu. Wa pili Dakta Miwani, wa sayansi. Wa tatu Bibi Shali, mama mtu mzima wa lugha na fasihi, mwenye sauti nyembamba na kikohozi. Wote watatu waliishi katika chumba cha uani cha dada yake Koti, mbele ya shuka jeupe, katikati ya sare zilizotundikwa. Kwa juu walivaa koti, kwa kuwa Uingereza ni baridi. Kwa chini walivaa bukta, kwa kuwa chumba cha uani si Uingereza.

Masomo ya kuonja yalikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Binti wa Mama Samani alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mpole, anayeuliza swali moja moja na kusubiri jibu mpaka lije. Mama yake aliomba ruhusa ya kurekodi, ili baadaye wakae wawalinganishe walimu kwa haki. Mwalimu Ndevu akaruhusu kwa moyo mkunjufu. Dakta na Bibi nao wakaruhusu, hawakuwa watu wa kupingana na mwenzao.

Kesho yake Koti akapeleka ankara. Mama Samani akapiga simu, sauti tamu.

"Kijana wangu, mimi nauza makochi. Mteja wa maana anakalia makochi yote ya dukani, analala, anamleta na mama mkwe naye ajaribu, ndipo anafungua pochi. Wewe unataka nikae mara moja tu?"

Koti akacheka, akasema mama umenena. Moyoni alijiambia samaki mkubwa hakimbilii ndoano. Basi Mama Samani akataka kumsikia Mwalimu Ndevu katika jiometri, maana aljebra ameiweza, lakini je, pembe? Alipoziweza pembe, akataka Dakta Miwani naye afundishe pembe zile zile, ili apime nani anaeleweka. Kisha kemia kidogo. Kisha umeme. Kisha insha kwa Bibi Shali, na barua rasmi, na shairi moja gumu. Kila mara pochi ilikuwa wazi, ni moyo tu uliokuwa haujaamua.

Kufundisha kitu usichokijua ni kazi ngumu kuliko kukijua. Koti alilazimika kuazima vitabu vya mpwa wake, binti wa dada, ambaye alipata nafasi katika shule ile ile kwa nusu ya ada kwa sababu ya zile sare. Mpwa alikuwa ameshamwomba mara nyingi amsaidie hesabu, na mara zote Koti alimwambia mjomba ana kazi. Sasa alivisoma vitabu vile akila, akavidondoshea chai, akinyoa, akisubiri zamu ya bafu. Siku aliyofanikiwa kutegua mlinganyo mmoja sugu, aliruka kwa furaha akajitwika sketi tano kichwani. Alijishtukia akiwa na fahari ya kweli, akaionea aibu, akarudi kwenye ndevu.

Kilele kilikuwa kikao. Mama Samani alisema hawezi kuamua mpaka awaone walimu wote watatu pamoja wakizungumzia maendeleo ya binti. Mtu mwenye akili zake angekimbia. Koti akaazima simu ya dada, akaiweka kando ya yake, akafungua kikao na historia ya elimu ikapata doa lake. Mwalimu Ndevu alizungumza, mtandao wake ukakatika. Dakta Miwani akaingia akihema, akaunga mkono hoja ya mwenzake kwa asilimia mia, naye akakatika. Bibi Shali akaingia, akakohoa, akaanza kusifu mwandiko wa binti. Katikati ya sifa Koti akajiona kwenye kioo cha simu: Bibi alikuwa na ndevu hadi kifuani.

 Mama Samani alimtazama Bibi kwa huruma nyingi.

"Pole, Bibi," akasema. "Naona baridi ya huko ni kali, hata kina mama mmefuga."

Koti alipozima simu alicheka mpaka akakaa chini. Wajinga ndio waliwao, akasema, na huyu ameumbwa aliwe na mifupa yake. Sasa hata Mama Samani angetaka somo la kupiga mbizi angepewa.

Aliendelea kuonjesha. Mada zikaisha moja baada ya nyingine, kitabu cha hesabu kikageuka ukurasa wa mwisho, cha kemia kikafuata. Binti akafanya mitihani, muhula ukawa unafunga, na dada akaanza kuuliza Koti ana mabegi mangapi. Ndipo Mama Samani akaita: uamuzi umefika, njoo dukani.

Koti alikwenda amepiga koti pasi. Duka lilikuwa refu, lenye harufu ya vanishi na sponji mpya, na binti alikuwa kaunta akifuta kioo cha meza. Koti aliamkia, akakaribishwa kwenye kochi la ngozi lililomvuta ndani hadi magoti yakafika kidevuni. Jasho likamtoka. Akavua koti, akaliweka pembeni kwenye mkono wa kochi, akauliza kwa unyenyekevu ni nani kati ya watatu aliyepata bahati.

"Hakuna," Mama Samani akasema. "Mtihani umeshapita, mwanangu. Nani ananunua mwavuli mvua ikishakatika?"

Koti alihisi harufu ya kuku. Akakusanya ulimi wake wote, akasema hapana, mama, kuna ubinadamu. Walimu wale wamekesha. Wamemfundisha mtoto mwaka mzima wa masomo kwa jina la kuonja. Wana jasho lao, wana haki yao. Na jambo la ajabu ni kwamba machozi yalimlengalenga, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anasema ukweli.

Mama Samani akaitikia kwa kichwa. Kweli, akasema, haki ya mtu haipotei, tena walimu wazuri mno, binti hakuwahi kuelewa hivi.

"Waje wachukue chao," akasema. "Wote watatu, kwa pamoja, hapa dukani. Nimewatengea kochi la watu watatu, lile pale."

Koti akalitazama lile kochi. Lilikuwa kubwa, jekundu, na nafasi zake tatu zilikuwa tupu kwa namna ya kusikitisha.

"Na kila mmoja aje na koti lake," binti akasema bila kuinua macho kwenye kioo. "Lenye kifungo chake cha kahawia."

Kutoka kwenye kochi laini kwa heshima haiwezekani. Koti alijaribu mara ya kwanza likamrudisha, mara ya pili likamrudisha, ya tatu akabingirika kwa ubavu, akasimama, akasema ana mgonjwa, akatoka. Alipofika kona ya pili ndipo alipogundua kwamba mwili wake una baridi. Koti lilibaki dukani, na kurudi kulifuata kulihitaji uso ambao hakuwa nao.

Aliingia nyumbani amenywea. Dada alikuwa kwenye cherehani, na leo, ajabu, alikuwa na furaha. Alimvuta mkono hadi mezani, ambapo mpwa alikuwa ameinamia kompyuta. Dada alieleza kwamba amejibana, amejinyima, na hatimaye amemnunulia mtoto masomo ya mwaka mzima, yamerekodiwa, ya mwalimu wa Uingereza mwenyewe. Anayauza mama mmoja mwenye duka la samani. Wazazi wa shule nzima wamegombania.

"Muone," dada akasema. "Muone mtu mwenye kazi yake."

Kwenye kioo, Mwalimu Ndevu alikuwa anategua mlinganyo.

Koti alishika kiti. Alitaka kucheka, ikatoka sauti ya mtu aliyekanyagwa. Muhula umeisha, kuku wanamngoja, na wokovu wake uko pale mezani unaongea kwa sauti yake mwenyewe.

"Dada," akasema, "huyo ni mimi."

Dada alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Koti akaapa. Hakusikilizwa, kwa kuwa kiapo cha Koti kilishuka thamani miaka mingi iliyopita. Basi akamsogelea mpwa, akachukua kalamu, akaanza kumwelekeza swali lile hatua kwa hatua, neno kwa neno na mwalimu wa kwenye kioo, hadi jibu. Mpwa aliangalia karatasi, akaangalia kioo, akaangalia tena doa la chai kwenye kitabu chake, na midomo yake ikaanza kucheza. Lakini msichana yule alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba mjomba ana kazi, akaamua kunyamaza.

"Usimpotoshe mtoto," dada akasema. "Mwache amsikilize mwalimu."

Mara dada akaona kitu. Akainama karibu na kioo, karibu zaidi, kama anavyofanya akitafuta tundu la sindano. Akaweka kidole kwenye kifua cha Mwalimu Ndevu.

"Kifungo hiki ni changu. Na uzi huu mwekundu ni wangu. Koti hili nililishona kwa mikono yangu."

Koti akafumba macho kwa shukrani. Hatimaye. Mungu hamtupi mja wake.

Dada akageuka polepole, akamtazama mdogo wake kuanzia shingoni hadi kiunoni, shati tupu, hana koti.

"Kwa hiyo umeliuza," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, na ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake. "Nililikeshea koti lile ili upate kazi, ukaenda kumuuzia Mwingereza. Na muone. Kalivaa, kaamka, kakaa kazini."

Akarudi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye pedali, akamwambia gari la kwenda kwa baba mdogo linaondoka asubuhi na mapema, asichelewe.

"Hata koti lako limepata kazi," akasema. "Wewe bado."