Viatu vya Merle na Kreti ya Matufaha

Jumatano, 10 Novemba 1948
Mtoto anaota jino. Sijalala. Mume wangu Merle karudi kutoka mazoezi ya mpira wa Kimarekani anachechemea, goti limevimba kama boga, anasema halijambo! Daktari alishamwonya: likigongwa vibaya tena, ni mkongojo maisha yake yote. Na Jumamosi ni mechi ya kuwakaribisha wahitimu. Hataki kukosa. Eti kapigana vita na Wajerumani, leo awaogope vijana wa chuo cha Wexley?

Nimewaza nikikamua nepi. Katika chuo chake kizima hakuna mguu mkubwa kama wake. Viatu vyake viliagizwa Chicago. Bila viatu, hakuna kucheza. Kwisha kazi!

Alhamisi, 11 Novemba
Nimevificha. Ndani ya kreti ya mbao ya matufaha, nyuma ya kibanda chetu, chini ya magunia. Nani ataigusa kreti kuukuu? Nimejisifu mpaka uji wa mtoto ukaungua.

Ijumaa, 12 Novemba
Kreti haipo! Nilisahau kabisa. Kila mwaka, siku moja kabla ya mechi hii, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupita wakizoa chochote cha mbao kwa ajili ya moto mkubwa. Mwaka jana walibeba choo cha mchungaji. Nikakimbia uwanjani, mtoto begani. Moto umeshakolea, bendi inapiga. Harufu ya ngozi! Watu wakashangilia. Nikashangilia nao. Ningefanyaje?

Merle kapekua nyumba nzima, kisha kaamua mwizi ni jirani yetu Floyd, anayeitamani nafasi yake timuni. Kakunja mikono ya shati. Arlene, mke wa Floyd, katoka na sufuria ya viazi mkononi, kanigeukia mimi: "Mwambie mumeo, shoga! Wangu aibe viatu vile avifanyie nini? Afugie kuku?"

Ikabidi niwaamulie. Nikamwambia Merle aache ugomvi na watu, kwani kule jeshini walichezea viatu gani?

Kaingia ndani. Nikasikia sanduku linaburutwa kutoka chini ya kitanda. Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 13 Novemba
Kacheza na mabuti ya jeshi. Vijana wa Wexley walimpisha kama fahali aliyekata kamba. Tumeshinda! Wamembeba juu juu, hata Floyd. Kocha kamtangaza nahodha wa msimu ujao. Msimu mzima!

Goti sasa ni maboga mawili. Nilipokuwa nikilikanda kwa maji moto, akasema kupotea kwa viatu kumemletea bahati, angempata mwizi wake angembusu. Nikamwambia atulie, atamwaga maji.

Jumapili, 14 Novemba
Mtoto kalala. Merle kalala. Mimi nawaza. Kuficha viatu kulikuwa kosa. Mwakani nitaficha kofia yake ngumu ya kuchezea. Arlene kanipa kreti nyingine, zawadi ya kutupatanisha. Imara, mbao nzuri kavu. Nimeiweka pale pale nyuma.